UZI: TB na magonjwa ya kifua kwa tuliotumikia jeshi la Marekani. VA (idara ya maveterani) wakikukatalia fidia, anzia hapa

#1 Mlinzi_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa Waswahili wenzangu tuliovaa gwanda la Marekani. Wapo Wakenya walioingia kwa mpango wa MAVNI wa kuandikisha wageni, ambao Kiswahili kilikuwa moja ya lugha zilizotafutwa. Wapo Watanzania walioingia wakiwa na kadi ya ukaazi, na wapo Wakongo na Warundi waliofika wakimbizi wakiwa wadogo, wakajiandikisha walipomaliza shule. Wengi wetu tumetoka huko na vifua visivyo sawa. Napata ujumbe mwingi kutoka kwa watu waliopeleka VA dai la fidia ya TB au pumu, wakajibiwa hapana, wakaikunja barua na kuitia kabatini. Inaniuma, maana mara nyingi sheria ilikuwa upande wao na hawakuwa na wa kuwaambia.

Mimi si wakili. Najitolea kuwasomea watu barua hizi, basi. Nilichojifunza ni kwamba karibu kila barua ya kukataa inakueleza kipande gani kimekosekana, ila imeandikwa kwa lugha nzito na mtu anaishia kwenye ukurasa wa kwanza penye neno "denied". VA wanataka vipande vitatu: ugonjwa ulio nao sasa, jambo lililotokea ukiwa jeshini, na kiungo cha kitabibu kati ya hayo mawili. Soma barua mpaka ujue ni kipi kati ya vitatu wanasema hawakukiona.

Sasa TB yenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki bila kujua.

Magonjwa mengi sugu yana kanuni kwamba yakijitokeza ndani ya mwaka 1 baada ya kutoka jeshini, VA wanayahesabu kuwa yametokana na utumishi, hata kama faili lako la jeshi halina neno juu yake. TB hai imepewa miaka 3. Kanuni ipo kwenye 38 CFR (kitabu cha kanuni za maveterani), vifungu 3.307 na 3.309, na inahitaji uwe umetumikia angalau siku 90 mfululizo. Mtu aliyetoka Juni 2018 na TB hai ikathibitishwa Machi 2021 yumo ndani ya muda. Hadaiwi kueleza aliambukizwa kambi gani wala na nani. VA wanaweza kuipinga dhana hiyo, lakini wao ndio watakaotafuta ushahidi wa kuipinga.

Kuna mlango wa pili, mpana zaidi. Septemba 2010 VA walitoa orodha ya magonjwa 9 ya kuambukiza kwa waliotumikia eneo la Ghuba kuanzia tarehe 2 Agosti 1990, au Afghanistan kuanzia tarehe 19 Septemba 2001. Malaria imo, homa ya Q imo, na bakteria wa TB yumo. Mengi ya hayo yana ukomo wa mwaka 1. TB haina ukomo. Ulikuwa Kuwait 2011, TB ikakuamkia 2024, bado umo. Nimeona barua inayomkatalia mtu wa Iraq kwa kuwa "miaka 3 imepita", na kanuni hii ya pili haikutajwa popote kwenye kurasa zote. Kosa la namna hiyo ndilo linalostahili rufaa.

Nitaendelea chini na habari ya asilimia za ulemavu, ambazo VA wanazitumia kupanga malipo. Ulizeni.

#2 Kapteni_Iten

Mkuu asante sana, nilikuwa nangoja uzi kama huu. Swali langu. Nilikuwa Camp Lemonnier, Djibouti. Nimetoka 2015, TB nikaipata 2021. Nimo?

#3 Mlinzi_wa_Zamu

Ndugu yangu, hapo kuwa makini maana kuna orodha mbili na watu wanazichanganya.

Djibouti imo kwenye orodha ya sheria ya PACT, iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022, ya moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Lakini magonjwa ya orodha hiyo ni pumu iliyogundulika baada ya jeshi, bronkaitisi sugu, COPD, emfizema, makovu ya mapafu, sarkoidosi na mengine ya namna hiyo. TB haimo. Na ile orodha ya magonjwa ya kuambukiza ya Ghuba na Afghanistan, Djibouti haimo. Miaka 3 nayo imekupita.

Kwa hiyo unarudi njia ya kawaida, ya vipande vitatu. Si mlango uliofungwa, ila unahitaji karatasi. Tafuta kipimo chako cha TB cha kuingia jeshini na kile cha baada ya kurudi kutoka Djibouti. Kama cha kwanza kilikuwa hasi na cha pili chanya, basi uliambukizwa ukiwa kazini, na faili la jeshi lenyewe ndilo linalosema. Tafuta pia fomu ya afya ya baada ya misheni, DD 2796. Angalia kama ulijibu kwamba ulikaa karibu na watu wenye TB au ulikuwa na kikohozi. Kisha mpe daktari wa mapafu karatasi zote hizo aandike maoni yake.

#4 Mti_Mkavu

Niulize kitu wasichopenda watu kukisikia. Sisi tumetoka nchi ambazo TB ipo tele. Kenya, Tanzania, Kongo, Uganda, zote zimo kwenye orodha ya WHO ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Mtu kaja nayo kutoka nyumbani imelala kifuani, anaingia jeshini miaka 4, halafu anamdai Mmarekani. Hiyo ni haki kweli?

#5 Mlinzi_wa_Zamu

Mkuu, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa uzito wake, kwa sababu ndiyo hoja ambayo ofisi nyingi zinamtupia mtu wetu.

Sheria ya Marekani inasema kila askari anachukuliwa kuwa aliingia mzima, isipokuwa kwa kasoro zilizoandikwa kwenye uchunguzi wake wa kuingia. Kama ugonjwa haukuandikwa siku ile, VA wanatakiwa waoneshe kwa ushahidi ulio wazi, usiokuwa na shaka, mambo mawili kwa pamoja: kwamba ulikuwa nao kabla, na kwamba jeshi halikuuzidisha. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ililisema hilo kwenye kesi ya Wagner ya mwaka 2004. Wakionesha moja tu, haitoshi. "Mwombaji alizaliwa Kisumu" si ushahidi wa aina hiyo.

Tena kuambukizwa na kuugua ni vitu viwili. Watu wengi walioambukizwa TB hawaugui maisha yao yote. Wanaougua ni kama 5 hadi 10 katika kila 100, na hatari kubwa ni miaka miwili ya mwanzo. Jeshi linakuchukua ukiwa na mapafu yanayofanya kazi, umekimbia maili zako zote, umepita vipimo vyao. Ukiugua baadaye, swali la kitabibu ni nini kilitokea katikati. Moshi, vumbi la jangwani, dawa za steroidi ulizopewa kwa ajili ya kifua, msongamano wa kwenye mahema, vyote vinatazamwa.

Ninachokataa kabisa ni kudanganya. Kama ulitibiwa TB Mwanza ukiwa na miaka 12, sema. Daktari akiijua historia kamili, maoni yake yanasimama. Akija kugundua baadaye umeficha, hata yale ya kweli hayataaminiwa.

#6 Nesi_Kibibi

Habari zenu kaka na dada. Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi ya kifua nyumbani na sasa nafanya huku. Naomba niongeze kuhusu kipimo cha ngozi, maana hapo ndipo Waafrika tunapoonewa bila mtu kukusudia.

Karibu sote tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, kovu lake lipo mkononi mpaka leo. BCG inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionekane chanya hata kama huna maambukizi ya TB. Kile cha damu, kinachotazama chembe za kinga zinavyojibu, hakidanganywi na BCG. Kwa hiyo faili lako likisema "PPD chanya", yaani kipimo cha ngozi chanya, siku ya kuingia jeshini, usikubali iandikwe moja kwa moja kwamba ulikuja na TB. Uliza kama kipimo cha damu kilifanywa, na kilisema nini.

Jambo lingine dogo lakini kubwa. Kipimo cha ngozi kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72, na kinachopimwa ni uvimbe mgumu unaoushika kwa kidole, kwa milimita, ukikata mkono upande hadi upande. Wekundu haupimwi. Mtu akiandika "chanya" bila milimita, amekunyima habari muhimu, kwa sababu milimita 10 ni chanya kwa mtu fulani na si chanya kwa mwingine. Nimeshika mafaili ambayo sehemu ya milimita ni tupu kabisa. Ukiona tupu, mwambie daktari wako alitaje hilo kwenye barua yake.

#7 Mlinzi_wa_Zamu

Dada Kibibi, Mungu akubariki. Hiyo ya milimita sikuwahi kuiona ikielezwa vizuri hivyo.

Na inanikumbusha upande wa pili wa jambo lile lile. Wapo waliopewa vidonge vya isoniazidi jeshini kwa miezi kadhaa kwa sababu kipimo kilikuwa chanya, hawakuugua TB kamwe, na sasa wanadai fidia ya TB. Bodi ya Rufaa za Maveterani imelisema hili mara nyingi sana: kipimo chanya peke yake ni matokeo ya maabara, hakihesabiwi kuwa ulemavu. TB iliyolala hailipwi. Usipoteze miaka mitatu ya rufaa kwa hilo.

Lakini jiulize dawa zilikufanya nini. Isoniazidi inaweza kuumiza ini, na inaweza kuleta ganzi na kuwaka moto kwenye nyayo, ndiyo maana watu hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Kama ini lako liliharibika na madaktari wakasimamisha dawa, au ganzi ya miguu ilianza wakati ule na haijaisha, dai hilo. Jeshi ndilo lililokupa dawa.

#8 Baba_Imani_Phoenix

Jamani mimi nilikuwa Balad, Iraq. Sote tunajua lile shimo. Lilikuwa linawaka usiku na mchana, asubuhi unaamka unapenga kamasi nyeusi. Nimetoka 2010, pumu nikaambiwa 2013. Nilidai 2016 wakanikatalia wakasema hakuna rekodi ya pumu jeshini. Nikaacha. Je, sasa hivi?

#9 Mlinzi_wa_Zamu

Pole kaka. Peleka tena, usichelewe hata wiki hii. 2016 ilikuwa kabla ya PACT. Sasa Iraq imo, pumu iliyogundulika baada ya jeshi imo, na huhitaji barua ya daktari inayoiunganisha na moshi. Unahitaji ushahidi kwamba ulikuwa Iraq, ambao DD-214, karatasi yako ya kutoka jeshini, inao, na ugonjwa kuthibitishwa na daktari.

Unatumia dai la nyongeza, fomu 20-0995. Sheria ikibadilika hivyo, VA wanatakiwa wakutazame upya.

Kuhusu pumu, orodha ya asilimia inatazama pia dawa, si kipimo cha kupuliza kwenye mashine tu. Ukitumia dawa ya kuvuta kila siku kwa amri ya daktari, unafikia 30. Ukipewa kozi za steroidi za kumeza au sindano angalau mara 3 kwa mwaka, unafikia 60. Kwa hiyo chukua orodha ya dawa zako kutoka famasia, ya miaka yote, tarehe kwa tarehe. Watu wanakwenda kwenye uchunguzi wa VA wa kupima ulemavu (C&P) mikono mitupu, wanapuliza vizuri siku ile kwa sababu asubuhi wamevuta dawa, wanarudi na 10.

Na kama pua na sainasi zinakusumbua, rainitisi sugu na sainasaitisi sugu nazo zimo kwenye orodha. Hizo zinapimwa peke yake.

#10 Kapteni_Iten

Kwa hiyo mtu akiwa na makovu ya TB na pumu pia anapata asilimia za zote mbili?

#11 Mlinzi_wa_Zamu

Hapana, na hapa wengi wanavunjika moyo. Kifungu 4.96 kinazuia kujumlisha magonjwa mengi ya mapafu na mirija ya hewa. Wanachukua lile linalokuumiza zaidi, wanakupa asilimia yake, na wanaweza kupandisha ngazi moja kama hali yako kwa jumla ni mbaya zaidi. Pua na sainasi hazimo kwenye katazo hilo, ndiyo maana nimemwambia Baba Imani asiziache.

Nitoe na maelezo ya asilimia za TB niliyoahidi.

TB ya mapafu ikiwa hai ni asilimia 100. Ikishapoa, VA lazima wakuite uchunguzi mara tu wanapoarifiwa kwamba imepoa. Kuanzia hapo hawakulipi tena kwa jina la TB, wanakulipa kwa kile ilichokuachia: makovu, mapafu yaliyokaza, mirija iliyotanuka na kujaa makohozi. Kwa mwaka 2025, asilimia 100 kwa asiye na wategemezi ilikuwa dola 3,831.30 kwa mwezi, na asilimia 10 ilikuwa dola 175.51. Haikatwi kodi. Kwa hiyo kile kipimo cha mapafu kinachofanywa TB ikishapoa kinabeba mambo mazito kweli.

Wazee waliotibiwa zamani wana utaratibu mwingine. Aliyekuwa akilipwa au mwenye haki ya kulipwa kwa TB kufikia tarehe 19 Agosti 1968 analindwa na kanuni za kale: 100 kwa miaka 2 baada ya ugonjwa kupoa, kisha 50 mpaka mwaka wa 6, kisha 30 mpaka mwaka wa 11. Hao sasa ni wachache, lakini nimeitaja kwa sababu watu wanasoma maamuzi ya zamani ya Bodi mtandaoni, wanakuta hesabu hizo, wanadhani ni zao.

#12 Nesi_Kibibi

Kuhusu hicho kipimo cha mapafu, naomba mnisikilize vizuri.

Unapopuliza kwenye mashine, wanatazama hewa uliyotoa sekunde ya kwanza, hewa yote uliyotoa, na uwiano wa hizo mbili. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa kati ya 71 na 80 kwa mia ya inayotarajiwa ni 10. Kati ya 56 na 70 ni 30. Kati ya 40 na 55 ni 60. Chini ya 40 ni 100. Hiyo ndiyo ngazi ya bronkaitisi sugu, ambayo hutumika pia kwa TB iliyopoa pale mirija ikiwa imeziba.

Lakini kuna kipimo kingine kinachosahaulika, cha kuona gesi inavyopita kutoka kwenye mapafu kuingia kwenye damu. Kinaitwa DLCO. Mtu mwenye makovu anaweza kupuliza vizuri tu, ila gesi haipiti. Wagonjwa wangu wa TB walioniambia "nesi, nikipanda ngazi mbili nakufa" wengi walikuwa hivyo. DLCO isipofanywa, karatasi inasema mapafu mazima na mtu anapewa sifuri. Ombeni kifanywe. Kisipofanywa, anayewapima aandike kwa nini hakihitajiki.

#13 Mkwe_wa_Kilosa

Mimi ndilo lililonipata! Aliyenipima, wa kampuni ya kandarasi, alinipulizisha mara mbili akasema imetosha. Gesi hakupima. Sifuri. Barua nimeipata miezi kumi iliyopita. Nimechelewa?

#14 Mlinzi_wa_Zamu

Hujachelewa, mkuu, lakini una miezi miwili tu. Ukiwahi ndani ya mwaka 1 tangu tarehe ya barua, unailinda tarehe yako ya mwanzo, na ukishinda unalipwa kurudi nyuma mpaka hapo. Ukipitisha mwaka, unaanza na tarehe mpya.

Tangu tarehe 19 Februari 2019 njia za rufaa ni tatu, na watu wanachagua vibaya kwa sababu hakuna anayewaambia kila moja ni ya nini.

Dai la nyongeza, fomu 20-0995, ni pale una ushahidi mpya unaogusa hoja. Hii ndiyo yako. Nenda kwa daktari wako wa mapafu, afanye vipimo vyote pamoja na DLCO, aandike, upeleke.

Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, afisa mwenye uzoefu zaidi anasoma faili lile lile. Huruhusiwi kuongeza karatasi hata moja, ila unaweza kuomba mazungumzo ya simu umwoneshe kosa. Njia hii inamfaa yule wa Iraq aliyenyimwa kwa miaka 3 wakati kanuni ya Ghuba haina ukomo. Ushahidi upo, sheria ndiyo haikusomwa.

Bodi ya Rufaa, fomu 10182, ni jaji. Unachagua asome faili kama lilivyo, au upeleke ushahidi ndani ya siku 90, au uzungumze naye kwa kikao. Ni polepole, hasa ukitaka kikao. Ushauri wangu, na wengine wanaweza kunipinga, usikimbilie kikao kama kinachokosekana ni karatasi ya daktari. Jaji atakusikiliza kwa heshima zote kisha atauliza karatasi iko wapi. Bodi ikikukatalia, una siku 120 kwenda Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani.

Kuhusu barua ya daktari. Asiandike "inawezekana". VA hawaihesabu. Aandike kwamba kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kuwa ugonjwa umetokana na utumishi, kisha aeleze sababu: eksirei ya tarehe fulani inaonesha nini, makohozi yalisema nini, ulikuwa wapi. Sheria inasema ushahidi wa pande mbili ukilingana, askari ndiye anayepewa.

#15 Baba_Imani_Phoenix

Kuna jamaa ananiambia atanijazia kila kitu, nimpe malipo ya miezi mitano ya ile nyongeza nitakayopata. Anasema ana watu ndani.

#16 Mlinzi_wa_Zamu

Kaka, mkimbie. Hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kukuandalia dai la kwanza. Mawakili na mawakala waliosajiliwa na VA wanaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, na kiasi kinachochukuliwa kuwa cha haki ni mpaka asilimia 20 ya malimbikizo. Mashirika ya maveterani kama DAV, VFW na American Legion wanakusaidia bure, wana watu waliosajiliwa. Muulize huyo jamaa jina lake lipo kwenye orodha ya VA ya waliosajiliwa? Orodha ipo wazi mtandaoni.

Na kama hujawa tayari na karatasi, jaza fomu 21-0966 ya kutangaza nia. Kwa dai jipya, kama hilo la sainasi ambalo hukuwahi kulipeleka, inakushikia tarehe kwa mwaka mzima.

#17 Otieno_wa_Ziwani

Mimi nilitoka jeshini 2022 nikarudi Kisumu. TB imegundulika hapa nyumbani 2024, nimemaliza dawa miezi sita. Naambiwa VA hawatambui hospitali za huku.

#18 Mlinzi_wa_Zamu

Wanazitambua, ila kwa TB kuna sharti. Kifungu 3.374 kinasema kauli ya daktari wa nje ya jeshi na VA haitoshi peke yake. Lazima ithibitishwe na eksirei, maabara au uchunguzi unaokubalika. Kwa hiyo usitume ile barua ya ukurasa mmoja. Tuma majibu ya GeneXpert (kipimo cha maabara cha TB) yenye tarehe, picha ya eksirei yenyewe, na kadi yako ya kliniki ya TB, yote, mbele na nyuma, penye makohozi ya mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Kadi ile wengi wanaitupa wakishapona. Kama umeitupa, rudi kliniki, daftari lao la TB lina mstari wako.

Uko ndani ya miaka 3. Wanaweza kujaribu kusema umeambukizwa Kisumu baada ya kutoka, na kanuni inawaruhusu kuipinga dhana kwa ushahidi. Ndiyo maana vipimo vyako vya jeshini ni muhimu hata kwako. Na fidia inalipwa popote unapoishi. Matibabu ya ugonjwa ambao VA wameukubali nayo yanaweza kulipwa ukiwa Kenya, kupitia mpango wao wa matibabu ya nje ya nchi.

#19 Mama_Zuhura

Assalaam alaykum wanangu. Mimi niko Mombasa. Marehemu mume wangu alitumikia Kuwait na Iraq. Alikuwa akilipwa 30 kwa pumu, na alikuwa amekata rufaa ya mapafu kuwa na makovu. Amefariki miezi minne iliyopita, rufaa haijajibiwa. Cheti cha kifo kimeandikwa nimonia. Nimeambiwa kila kitu kimekufa naye.

#20 Mlinzi_wa_Zamu

Wa alaykum salaam mama. Pole sana, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na akupe subira.

Mama, rufaa haijafa. Una haki ya kuingia mahali pake na kuiendeleza, kwa fomu 21P-0847, ndani ya mwaka 1 tangu siku aliyofariki. Ukishinda, malimbikizo aliyostahili ni yako.

La pili ni fidia ya mjane, fomu 21P-534EZ. Ukiipeleka ndani ya mwaka huo huo, inahesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi aliofariki. Nimonia kuandikwa kwenye cheti hakukuzuii. Kanuni ya 3.312 inakubali pia ugonjwa uliochangia kifo, na mtu mwenye mapafu yenye makovu na pumu hapambani na nimonia kama mtu mwenye mapafu yenye afya. Anayepaswa kuliandika hilo ni daktari aliyemtibu mwishoni, akitaja eksirei na hali ya pumzi yake kabla ya nimonia. Makovu ya mapafu na pumu vyote vimo kwenye orodha ya PACT, na Kuwait na Iraq zimo.

Tafuta kwanza DD-214 yake, cheti cha ndoa, cheti cha kifo na faili lote la hospitali, siyo muhtasari. Hospitali ikikuzungusha, andika barua ya maombi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

#21 Nesi_Kibibi

Mama Zuhura, nyumbani kwetu ni Likoni. Wiki ijayo dada yangu yuko huru, yeye ni msaidizi wa daktari, atakusindikiza hospitali kuomba faili na kuhakikisha ripoti ya CT imo. Nimekuandikia kwenye ujumbe wa faragha, usiweke namba yako hapa.

#22 Mama_Zuhura

Nimeuona ujumbe, mwanangu. Picha za CT ninazo, ziko kwenye bahasha pamoja na dawa zake. Hiyo fomu ya 0847 inasainiwa na mimi peke yangu au na watoto pia?

#23 Mlinzi_wa_Zamu

Wewe peke yako, mama. Mjane ndiye wa kwanza. Watoto wanafuata pale tu ambapo mjane hayupo.

Bahasha hiyo usiikabidhi kwa mtu yeyote. Peleka nakala, asili zibaki kwako.

#24 Mkwe_wa_Kilosa

Nimepata miadi ya daktari wa mapafu tarehe 14. Nimemwambia katibu wake kwa simu: DLCO, na iandikwe kwenye oda kabisa. Nikipata majibu nayaweka hapa mniangalizie kabla sijajaza 20-0995.

#25 Mlinzi_wa_Zamu

Yaweke, mkuu, ila futa jina na namba ya faili kwanza. Asubuhi ya kipimo usivute dawa mpaka umwulize daktari, maana wanapima kabla na baada ya dawa.

Na fomu usisubiri majibu kuijaza. Ijaze sasa, uitume kabla ya mwaka kutimia, ueleze kwamba kipimo kipya kinakuja, utaje jina la kliniki na tarehe ya miadi.